Kuraji: Maana Yake ni Moyo

Hapa kwetu Musumba, kama vile Kolwezi na mahali pengi pa Kongo, kuna neno moja la kigeni ambalo hata bibi mzee asiyejua kusoma analitumia kila siku. Neno hilo ni "kuraji". Tukipita shambani na kumwona mwenzetu akilima mihogo, tunamwambia: "Kuraji!" Tukifika kwenye kilio, tunamshika mjane mkono na kusema: "Kuraji, mama." Jioni tunaagana kwa neno hilohilo. Tulilipokea katika Kifaransa. Sasa watoto wetu wa shule ya sekondari wanalikuta tena katika masomo ya Kiingereza. Huko nako linaandikwa "courage", ila linatamkwa namna nyingine. Basi wanatuuliza sisi makatekista: Je, ni neno moja? Na maana yake hasa ni nini? Ulizo lao ni zuri, nasi twataka kulijibu hapa, kwani ndani yake mna fundisho kwa roho zetu.

Ndiyo, ni neno moja. Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari kutoka Ufaransa, wakaishinda Uingereza, na lugha yao ikaingia katika lugha ya Waingereza. Kifaransa chenyewe ni mtoto wa Kilatini, na katika Kilatini moyo unaitwa "cor". Hapo ndipo neno letu lilipozaliwa. Zamani Mwingereza aliyesema "courage" aliweza kumaanisha moyo wenyewe, pamoja na mawazo na hamu zake. Mtunga mashairi Chaucer, aliyekufa mwaka 1400, alilitumia hata kwa mioyo ya ndege wadogo. Polepole maana nyingine zikafifia, ikabaki hii moja: moyo usiokimbia mbele ya hatari au taabu. Lakini ukoo wa neno bado waonekana. "Encourage" kwa Kiingereza ni kumtia mtu moyo. "Discourage" ni kumvunja moyo. Kiswahili chetu kinasema vivyo hivyo, wala hakikufundishwa na Mwingereza: tunatia moyo, tunavunjika moyo, tunapiga moyo konde. Basi anayesema "kuraji" anasema "moyo!"

Tuangalie vizuri: neno hili halitaji mkono, wala halitaji mkuki. Jambo hilo wazee wa Walunda walilijua kabla ya kusikia Kilatini. Wanasimulia kwamba mfalme mzee Nkonde alikuwa akisuka mkeka. Wanawe Kinguri na Kinyama wakafika wamelewa. Waliona maji meupe katika chungu, wakadhani ni pombe ambayo baba yao anawanyima, wakampiga vikali. Binti yake, Ruweji, alikaa na baba yake na kumtunza. Kabla ya kufa, mzee alimpa Ruweji lukano, bangili ya ufalme, ambayo hata leo ndiyo alama ya enzi ya Mwant Yav. Kinguri na Kinyama walikuwa na nguvu za mwili kuliko dada yao. Lakini mzee alitafuta moyo unaobaki mahali pake wakati wengine wanaharibu, akauona kwa binti.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, anafundisha jambo linalofanana na hilo. Anasema fadhila ya nguvu ina kazi mbili, kushambulia na kustahimili, na kustahimili ndiyo kazi yake kubwa zaidi. Tena haituagizi tusiogope kabisa. Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe, usiku ule wa Getsemani, alishikwa na hofu na huzuni, wala Injili haikuficha. Aliogopa, akabaki. Basi mtu asijihukumu kuwa mwoga kwa sababu magoti yake yanatetemeka. Atazame tu kama miguu yake bado iko mahali ambapo Mungu amemweka.

Hapa twapenda kusema neno na vijana wetu wanaoacha Kapanga kwenda Kolwezi kuchimba shaba na kobalti. Tunajua kinachowapeleka: njaa nyumbani, minervali ya wadogo wao, mahari. Hatuwadharau. Kijana anayetoka jasho ili mama yake apate bukari ana moyo, nasi tunamheshimu. Lakini kuna wengine wanaosifiana kwa kuingia katika shimo ambalo wote wanaona litaanguka. Sheria hairuhusu wachimbaji wa mkono kupita mita 30 kwenda chini, nao wanapita, na anayekataa kushuka anachekwa kuwa si mwanaume. Tarehe 27 Juni 2019, katika eneo la migodi karibu na Kolwezi, udongo uliwaangukia wachimbaji, wakafa watu zaidi ya 30. Wahenga walisema: Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wengine hulichukua neno hilo kama sifa ya woga. Sisi twaliona kama onyo kwa mtu anayeuza uhai wake ili asichekwe na wenzake. Tomaso Mtakatifu anauita ujasiri wa namna hiyo kilema, kwa sababu unapita kiasi na hauna shauri la akili. Wakati mwingine mwenye moyo ni yule anayesimama mdomoni mwa shimo na kusema: "Hapa sishuki, nanyi msishuke." Kuvumilia kicheko cha rafiki nako kwataka kuraji.

Nchi yetu imepewa mfano mzuri. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alisoma sheria, akapata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani. Kazi yake ilikuwa kuzuia vyakula vibovu visiingie sokoni. Watu walimletea fedha ili afumbe macho na kuachia vyakula vilivyooza. Alikataa, kwani aliona kwamba wangekula watu maskini na kudhurika. Julai 2007 alitekwa na kuuawa. Alikuwa na miaka 26. Papa Fransisko alipoongea na vijana Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, aliwakumbusha kijana huyo, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri huko Roma. Aliitwa Chui, lakini hakumrarua mtu. Neno lake lilikuwa fupi: hapana. Wangapi kati yetu tunaombwa matabishi, au tunapewa, kila juma, na neno hilo fupi linatukwama kooni?

Sasa turudi kwenye mazoea yetu. Ikiwa "kuraji" maana yake ni moyo, basi tunapolisema kwa mwenzetu tunamtakia moyo. Je, tunampa? Katika Matendo ya Mitume twasoma habari za Yosefu, Mlawi wa Kipro, ambaye Mitume walimwita Barnaba, ndiyo kusema mtu wa kutia moyo. Na jambo la kwanza tunaloambiwa juu yake ni nini? Alikuwa na shamba, akaliuza, akaleta fedha miguuni pa Mitume kwa ajili ya wenye shida. Baadaye, Paulo alipofika Yerusalemu na waamini wote wakimwogopa, Barnaba alimchukua, akampeleka kwa Mitume na kumsemea. Alitia moyo kwa shamba lake na kwa jina lake jema, kisha maneno yakafuata.

Tunamwambia mjane "kuraji", kisha ndugu za marehemu wanachukua mabati na vyombo, nasi tunanyamaza. Mjane huyo tumemwachia neno, na moyo wetu tumerudi nao nyumbani. Afadhali shirika zima liende kukaa naye siku ile wanayokuja kugawana mali. Tunamwambia mwanafunzi aliyefukuzwa kwa minervali "kuraji", na katika shirika letu kuna watu kumi ambao wakitoa kidogo kidogo angerudi darasani. Tunamwambia "kuraji" kijana aliyerudi mikono mitupu kutoka Kolwezi, kisha tunamcheka tukigeuka. Huko ni kumvunja moyo kwa neno la kutia moyo.

Hatusemi neno hili liachwe. Ni neno tamu, na mara nyingi maskini hana kingine cha kutoa. Akilitoa kwa upendo, Mungu analipokea. Twasema tu kwamba anayelitamka aweke sahihi yake chini: nitakuja, nitasaidia, nitasema ukweli mbele ya wakubwa. Siku ya Kipaimara tuliwekewa mkono, tukapakwa mafuta, tukapewa na Roho Mtakatifu paji la nguvu. Hatukulipewa ili tulifunge sandukuni.

Ee Bwana, ututie moyo wako, ili tuwatie moyo ndugu zetu. Tumsifu Yezu Kristu.