Mizani Nayo Hupimwa

Shaaban iliyopita tulimpeleka mzee mmoja wa msikiti wetu kupimwa damu. Jibu lilionyesha sukari imepanda mno, akashauriwa asifunge hadi amwone daktari bingwa. Ramadhani ikaingia, mzee ambaye hakupata kuiacha funga tangu ujana wake akala mchana siku tisa, kwa huzuni kubwa. Siku ya kumi daktari alirudia kipimo mara mbili: sukari ilikuwa ya kawaida. Tulipokwenda kuuliza kule mwanzo, tuliambiwa kuwa asubuhi ile mashine haikuhakikiwa.

Sisi tuliopita vyuoni tunamjua muhtasib, aliyezunguka masokoni kukagua mizani za wafanyabiashara. Hatukuwahi kujiuliza ni nani anayeikagua mizani ya damu.

Tulipofuatilia, tuliona kuwa hata wataalamu walichelewa kujiuliza. Mwaka 1947, Belk na Sunderman walitangaza walichokiona Pennsylvania, Marekani: sampuli zilezile zilipelekwa katika maabara nyingi za hospitali, majibu yakatofautiana vibaya. Mwaka 1950, Levey na Jennings waliazima njia ya viwandani: sampuli ambayo jibu lake linajulikana hupimwa mara kwa mara, na matokeo huchorwa kwenye chati. Nukta ikitoka nje ya mipaka, kazi husimama hadi sababu ipatikane.

Baadaye ilidhihirika kuwa mashine pekee si tatizo. Chupa huweza kubandikwa jina la mwingine, au damu ikacheleweshwa njiani. Ndipo mwaka 2003 kikatolewa kiwango cha kimataifa, ISO 15189, kinachoiangalia safari nzima, tangu mgonjwa kutolewa damu hadi kukabidhiwa jibu. Mwaka 2009, mjini Kigali, ukazinduliwa mpango wa kuziimarisha maabara za Afrika hatua kwa hatua, nazo hupewa nyota, hadi tano.

Mzee wetu amekwisha kuzilipa siku zake tisa, wala hakutulaumu. Tunajilaumu wenyewe, kwani kamati ilichagua pale kwa unafuu wa bei tu, nayo afya ya muumini ni amana. Sasa, kabla ya mfuko wa msikiti kumlipia mgonjwa, tunauliza: "Mashine hii imehakikiwa leo?" Fundi mwaminifu hachukii swali hilo. Hufungua daftari lake, akatuonyesha.