Anza na Vilivyofutwa

Mpwa wangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba utapita Madrid na kwamba makumbusho ya Reina Sofía yamo katika ratiba yako. Ila sikubaliani na mpango wako wa kuyamaliza makumbusho yote kwa asubuhi moja. Panda moja kwa moja hadi ghorofa ya pili, iliko Guernica ya Picasso, na ukifika anza na michoro ya matayarisho pamoja na picha alizopiga mpiga picha Dora Maar wakati kazi ikiendelea. Wengi huibeza sanaa ya kisasa kwa sababu wanaona kilichobaki tu, hawajui mchoraji alifuta nini.

Mapema mwaka 1937 serikali ya Jamhuri ya Hispania ilimwomba Picasso picha kubwa kwa banda lake kwenye maonyesho ya kimataifa ya Paris. Mwezi Aprili bado alikuwa akichezea wazo la mchoraji na studio yake. Tarehe 26, siku ya soko, ndege za Ujerumani na Italia zikaupiga mabomu mji wa Guernica, katika nchi ya Wabaski. Tarehe 1 Mei akaanza michoro mipya. Katika picha za mwanzo za Maar, askari aliyelala chini ameinua ngumi, saluti ya watu wa mrengo wa kushoto. Baadaye ngumi haipo. Alijaribu pia kubandika karatasi za rangi, akazibandua, zikabaki rangi nyeusi, nyeupe na kijivu tu. Ile ngumi ingeifanya kazi nzima kuwa bango la chama. Ilipoondoka, jicho likaenda kwa mama anayelia na maiti ya mtoto mikononi. Sogea karibu uone vistari vifupi vilivyojaa mwilini mwa farasi, kama maandishi ya gazeti, na ua dogo kando ya mkono ulioshika upanga uliovunjika.

Utaambiwa hata mtoto wa chekechea angechora vile. Huyo aliyesema muulize ni mtoto gani anayefuta kilicho kizuri ili kilicho muhimu kionekane. Wanaopiga picha kwa simu nao, waache: kitu chenye upana wa mita 7.77 hakitoshi kiganjani.

Hoja nzito ni nyingine. Mle pichani hamna ndege za kivita, hamna bendera, hamna Mjerumani. Je, mchoraji hakumwachia muuaji mlango wa kutokea? Swali hili si la kupuuza, maana upande wa Franco, uliokuwa ukipigana na serikali ya Jamhuri, ulidai kwamba mji ulichomwa na Warepublikani wenyewe. Nakubali kwamba kufuta kulikuwa na gharama. Lakini shtaka lilibaki kwenye jina: kila aitajaye picha hiyo anautaja mji uliopigwa. Na Picasso hakuishia kwenye rangi. Alikataa iende Hispania mpaka uhuru wa wananchi urejeshwe, ikakaa New York miaka mingi. Yeye akafa 1973, Franco 1975, na picha ikafika Madrid 1981, kisha ikahamishiwa Reina Sofía 1992. Picha isiyosema kitu haizuiliwi namna hiyo, wala haipiganiwi irudi.

Jumba lenyewe lilikuwa hospitali, na kuta zake nene utazipenda. Vyumba vingine pita tu, hakuna atakayekudai. Jumanne hawafungui, kwa hiyo usiipange siku hiyo.

Wasalaam,
Shangazi yako