Udongo wa Galle

Leo, msomaji mpenzi, njoo twende Sri Lanka, kisiwa kilicho kusini ya Bara Hindi. Mjini Colombo tutapanda garimoshi liendalo kusini. Reli yafuata ufuko wa bahari zaidi ya kilomita 100, minazi upande mmoja na mawimbi upande wa pili, mpaka Galle.

Hapo pana ngome kubwa ya mawe. Wareno walianza kuijenga, nao Waholanzi, walioutwaa mji mwaka 1640, wakaiimarisha. Panda juu ya ukuta wake, utazame chini. Kile ni kiwanja cha kriketi. Watu wengi hutazama mchezo kutoka huku juu bila kulipa kiingilio. Basi kaa nao.

Tazama katikati ya kiwanja. Pana njia nyembamba ya udongo, urefu wake mita 20 tu. Mrushaji hutupa mpira mgumu, nao hudunda juu ya udongo huo. Upande wa pili mpigaji hulinda kwa ubao wake vijiti vitatu vilivyosimama nyuma yake. Mpira ukivigonga, au akiupiga nao ukadakwa kabla ya kuanguka chini, ametoka. Mchezo mkubwa wa mataifa huchukua siku tano, na njia ni ile ile.

Hapo ndipo penye siri. Wewe waijua sakafu ya udongo iliyopigwa vizuri, jinsi ilivyo ngumu na laini. Tena waijua mbuga wakati wa kiangazi, jinsi inavyopasuka nyufa. Njia ya kriketi huanza kama sakafu na kwisha kama mbuga. Siku ya kwanza imeshindiliwa, mpira hudunda sawasawa, na mpigaji hufurahi. Lakini jua huikausha, viatu vya wachezaji huikwaruza, vumbi hutoka. Ndipo saa ya mrushaji wa polepole inapofika. Huyu hategemei mbio. Huuzungusha mpira kwa vidole na kifundo cha mkono, kama mtoto anavyozungusha pia. Mpira ukigusa palipochakaa, hushika udongo na kupinda ghafula. Mpigaji ameweka ubao hapa, mpira umepita pale.

Udongo wa Galle una habari yake. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi makuu ya tsunami, yaliyofika hata pwani ya Afrika Mashariki, yalikifunika kiwanja hiki. Watu wengi walikufa mjini. Kiwanja kikatengenezwa upya, na Desemba 2007 mataifa yakacheza tena hapa.

Julai 2010 wageni walikuwa Wahindi. Bwana Muttiah Muralitharan, mzaliwa wa Kandy milimani, alikuwa ametangaza kwamba huu ndio mchezo wake wa mwisho wa siku tano. Mrushaji huyu wa polepole alikuwa amewatoa wapigaji 792 katika michezo ya namna hii. Wanane tu walibaki atimize 800, hesabu ambayo hakuna mtu aliyepata kuifikia.

Siku ya pili mvua ikanyesha, wasicheze kabisa. Hata hivyo katika zamu ya kwanza ya Wahindi akawatoa watano. Katika zamu ya pili akapata wawili, kisha akasubiri. Wenziwe nao walikuwa wakiwatoa wapigaji, mpaka akabaki mmoja tu wa kutolewa. Kama mwenzake angemtoa huyo, Muralitharan angekwenda nyumbani na 799. Wapigaji wawili wa mwisho wakang'ang'ana. Naye akaendelea kurusha. Zamu hiyo peke yake alirusha mipira zaidi ya 260.

Tarehe 22 Julai, siku ya tano, mpira wake ukagusa ubao wa Pragyan Ojha, na Mahela Jayawardene akaudaka. Mia nane! Hakurusha mpira mwingine tena katika michezo hiyo, na Sri Lanka ikashinda.

Basi, msomaji mpenzi, siku utakapowasikia watu wakibishana habari za kriketi, usiulize kwanza nani ana nguvu. Uliza udongo ukoje, na leo ni siku ya ngapi.