Jioni Yetu ya Kwanza Katika Mji wa Venice

Wasomaji wengi wamepata kusikia habari za Venice, mji wa Italia ambao njia zake kuu ni maji. Mji huo umejengwa juu ya visiwa vidogo zaidi ya 100, katika maji ya bahari yasiyo na kina kirefu. Watu wa kale walipigilia miti mingi kwenye matope, mti karibu na mti, kisha wakaweka juu yake mawe ya msingi. Miti hiyo haikuoza upesi, maana chini ya matope hapana hewa ya kutosha. Nayo hata leo inachukua nyumba na makanisa. Madaraja ni zaidi ya 400. Magari hayaingii humo, wala baiskeli hazipandwi. Mtu huenda kwa miguu au kwa chombo.

Mimi na mke wangu tulifika huko kwa garimoshi mwezi wa Oktoba mwaka 2023, tupate siku nne za mapumziko. Garimoshi huvuka maji juu ya daraja refu lililofunguliwa mwaka 1846. Kabla ya hapo hapakuwa na njia ya kuingia mjini ila kwa chombo. Saa 11 jioni tulitoka mlangoni mwa stesheni, wala hatukukuta barabara. Tulikuta ngazi, na chini ya ngazi Mfereji Mkubwa, na boti zikipishana. Mke wangu akaweka sanduku chini akasema, “Baba Neema, basi hapa hata wazima moto huja kwa boti?” Nikamjibu kwamba ndivyo, na mgonjwa naye huchukuliwa kwa boti, na maiti hupelekwa makaburini kwa boti.

Watu waliokuwa wakielekea stesheni walikuwa wengi kuliko sisi tuliokuwa tukitoka. Hao walikuwa wageni wa kutwa, wafikao asubuhi na kuondoka jioni. Wingi wao umekuwa mzigo kwa mji, hata mwaka 2024 wakuu wa mji walianza kuwatoza euro 5 katika siku zenye msongamano.

Kuitafuta nyumba tuliyopanga haikuwa kazi nyepesi. Mji umegawanyika sehemu 6, na milango huhesabiwa kwa sehemu nzima, si kwa njia moja moja. Kwa hiyo nambari hufika maelfu, nazo hazimsaidii sana mgeni. Tulizunguka katika vichochoro vyembamba, vingine mtu akinyosha mikono hugusa kuta zote mbili. Mwisho mama mmoja mzee aliyekuwa akirudi na mkate alitazama karatasi yetu, akatuashiria tumfuate. Kumbe mlango wetu na wake ulikuwa mmoja.

Mama yule alijua Kiingereza kidogo. Alituonyesha ngazi akahesabu kwa vidole: ghorofa ya kwanza, wageni, ya pili, wageni, ya tatu, yeye. Alipokuwa msichana nyumba ile ilikuwa na jamaa watano, kila jamaa na watoto wake. Sasa mwanawe mwenyewe anakaa Mestre, ng’ambo ya maji, ambako kodi ni nafuu. “Chumba mtakacholala kilikuwa cha jirani yangu,” akasema. Hakusema kwa hasira, lakini mke wangu hakujua amjibu nini, akainama akamchukulia mkate wake mpaka juu.

Tulipokwisha kuweka mizigo tukatoka kutembea. Taa zilikuwa zimewashwa na maji yamekuwa meusi. Tulipanda daraja la Rialto, la mawe, lililomalizika mwaka 1591. Hata mwaka 1854 hilo lilikuwa daraja pekee la kuvuka Mfereji Mkubwa. Katika dirisha la duka moja tuliona ushanga wa rangi nyingi. Vioo vya Venice hufanyizwa katika kisiwa cha Murano, maana mwaka 1291 tanuru za vioo ziliamriwa zihamishiwe huko kwa hofu ya moto. Nikamkumbusha mke wangu kwamba katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani yetu kwenda Tabora na Ujiji ilibeba ushanga wa kununulia chakula njiani, na mwingi wa ushanga huo ulitoka Venice. Akasema, “Basi mikono ya watu hawa iliwafikia bibi zetu, nao hawakujua.”

Karibu na daraja hilo kuna duka la dawa, na dirishani mwake imewekwa hesabu ya wakaaji wa mji, tangu mwaka 2008. Ilipoanza ilionyesha watu wapatao 60,000. Sisi tulisoma hesabu iliyo chini ya 50,000. Mwaka 1951 walikuwa wapata 175,000. Na katika mwaka ule tuliofika, vitanda vya wageni vilihesabiwa kuwa vingi kuliko wenyeji.

Wengi hudhani adui wa mji huu ni maji. Ni kweli maji yameutesa: tarehe 12 Novemba 2019 yalipanda sentimeta 187 juu ya kipimo cha mji, yakaingia madukani na makanisani. Lakini tangu Oktoba 2020 iko milango mikubwa ya chuma kwenye midomo ya bahari, ambayo huinuliwa maji yakitaka kufurika. Maji yamepatiwa milango. Wenyeji waondokao hawajapatiwa dawa kama hiyo, maana chumba kikipangishwa wageni huleta fedha nyingi kuliko kikikaliwa na mwalimu au fundi na watoto wake.

Tulipokuwa tukirudi, mke wangu alihesabu madirisha. Katika nyumba moja nzuri yenye madirisha 12 aliona taa 2 tu. Wazee wetu walisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mchana mgeni huona milango ya Venice. Usiku ndipo atambuapo mna watu gani ndani.

Akaniuliza, “Na sisi je, si tumo katika hesabu ya waliowaondoa?” Nikakiri kwamba tumo. Tukanyamaza kitambo. Kisha akasema, “Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la hapa ni lipi?”

Usiku ule tulipatana mambo machache. Tusiketi kwenye ngazi za madaraja, maana ndizo njia za watu waendao kazini. Tusiseme kwa sauti kuu vichochoroni usiku. Tununue mkate kwa mwokaji wa yule mama. Takataka, ambazo hukusanywa kwa mikokoteni na boti asubuhi mapema, tuzipeleke wenyewe kwa wakati wake.

Siku ya tatu asubuhi mke wangu alipanda mpaka ghorofa ya juu, akabisha hodi, akateremka na mfuko wa takataka wa yule mama pamoja na wetu.