Mwache ashike mwenyewe: Niliyoyaona katika darasa letu la Jumamosi

Msomaji wangu, ukimwambia mzazi kwamba mtaani kuna darasa la kompyuta, swali lake la kwanza huwa moja: "Mna kompyuta ngapi?" Sisi tuna mbili, na moja kati ya hizo betri yake imekufa, lazima iwe kwenye umeme muda wote. Watoto ni 12. Mzazi akisikia hesabu hiyo hunitazama kama mtu anayetaka kupika pilau la harusi kwenye sufuria ya chai.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Kompyuta nimejifunza ukubwani, nikifundishwa na mpwa wangu anayesoma elektroniki chuoni. Mwaka wa pili sasa, kila Jumamosi asubuhi, mimi na yeye tunakaa na watoto wa mtaani barazani kwetu na kuwafundisha vitu viwili kwa pamoja: kazi ya mikono na kuandika programu, yaani kuipa kompyuta maagizo iyafuate. Leo nataka nikueleze darasa hilo linavyokwenda, kwa sababu mengi unaweza kuyafanya nyumbani kwako, na kwa sababu ya binti mmoja ambaye nusura aachishwe.

Hatuanzi na kompyuta. Jumamosi mbili za mwanzo kompyuta hubaki zimefunikwa kitambaa. Tunaanza na vipande vya kitenge na khanga vinavyobaki chini ya cherehani yangu, sindano, vifungo vya chuma vya kubonyeza, kitaa kimoja cha LED, betri bapa ya volti 3 yenye umbo la sarafu, na waya mwembamba tunaoutoa kwenye chaja mbovu. Kila mtoto anashona kipochi chenye taa. Akikibana kifungo, umeme unapata njia na taa inawaka. Akikiachia, njia inakatika na taa inazima. Kifungo alichokivaa kwenye nguo tangu utotoni leo kimekuwa swichi.

Kitaa hicho kina miguu miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Mrefu huenda upande wa chanya wa betri, mfupi upande wa hasi. Kwa betri hii ndogo, ukikigeuza hakiwaki, lakini pia hakiungui. Hilo ni jambo zuri kwa anayeanza: anaweza kukosea mara kumi bila kuharibu kitu. Umeme wa ukutani hatuuchezei hata siku moja.

Neno kwa mwenye watoto wadogo nyumbani: betri hizi za sarafu ni hatari zikimezwa. Zinaweza kuunguza umio ndani ya saa 2 tu. Sisi tunazihesabu kabla na baada ya darasa, na kipochi kinachokwenda nyumbani betri yake inashonewa ndani. Mtoto akimeza, mkimbize hospitali papo hapo, usisubiri kuona itakuwaje.

Kanuni yetu kubwa inatuhusu sisi wakubwa: mikono nyuma. Mtoto akikwama, mimi na mpwa wangu tunaweka mikono nyuma ya mgongo na kumuuliza, "Umeme wako unatoka wapi, unapita wapi?" Hatuishiki kazi yake. Ukimfungia fundo lake taa itawaka, naye ataondoka akijua kwamba fundi anaweza. Hilo alilijua kabla hajaja.

Sasa huyo binti. Ana miaka 13. Alikuja akiongozana na bibi yake, mama wa baba yake, aliyenieleza mbele yake kwamba shuleni wanasema ni mzito. Kila Jumamosi alikuwa wa mwisho kufika, vidole vimekunjamana kwa maji na sabuni. Wavulana walifika saa tatu kamili wamevaa fulana safi. Yeye alifika saa nne kasoro, anahema, anaomba radhi kwa sauti ambayo hata paka hasikii.

Bibi yake hakuwa mtu wa kukaa bure. Alileta chane zake za ukindu, akaketi pembeni na kusuka ukili huku tukiendelea. Jumamosi ya pili niliwaambia watoto waache sindano, wamzunguke. Kazi yao ilikuwa kuandika maagizo ya kile anachokifanya bibi, ili mtu ambaye hajawahi kusuka aweze kufuata.

Mwanzoni waliandika, "Anasuka." Nikawaambia hilo ni jina la kazi, nataka hatua. Wakaandika tena. Chukua chane ya pembeni. Ipitishe juu ya mbili. Ipitishe chini ya mbili. Vuta. Kijana mmoja akalalamika kwamba daftari litajaa, maana bibi anarudia yale yale. Binti yule, ambaye kwa Jumamosi mbili hatukuwa tumemsikia, akasema, "Si uandike 'rudia'?" Tukamuuliza arudie mpaka lini. Akamtazama bibi yake. Bibi akajibu bila kuinua macho, "Mpaka zifike pima kumi." Na chane ikiisha njiani? "Ikiwa fupi, pachika nyingine."

Msomaji wangu, hapo somo la programu lilikuwa limekwisha kuingia. Hatua kwa mpangilio, kurudia mpaka sharti litimie, na "kama hivi, fanya vile": programu nyingi duniani zimejengwa juu ya mambo hayo matatu. Bibi amekuwa akiyafanya tangu usichana wake, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba yana jina.

Mpwa wangu aliwasimulia watoto jambo ambalo mimi mwenyewe lilinishangaza nilipolisikia mara ya kwanza. Programu zilizoongoza vyombo vya Apollo, kikiwemo kilichofikisha watu mwezini Julai 1969, zilihifadhiwa kwenye kumbukumbu iliyosukwa kwa mikono. Wanawake wa kiwanda kimoja katika mji wa Waltham, Massachusetts, nchini Marekani, walikuwa wakipitisha waya mwembamba katika vipete vidogo vya sumaku. Waya ukipita ndani ya kipete ilisomeka moja, ukipita nje ilisomeka sifuri. Bibi alipoelezwa akauliza swali moja tu: "Na wakikosea chane moja?" Mpwa akamjibu kwamba ilibidi wafumue sehemu hiyo wasuke upya. Bibi akatikisa kichwa, kama mtu aliyesikia habari za wenzake.

Jumamosi ya tatu ndipo tunapofunua kompyuta. Tunatumia programu ya bure iitwayo Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na maabara ya chuo cha MIT huko Marekani. Maagizo yake ni vipande vya rangi ambavyo mtoto anavipachika kimoja chini ya kingine, kwa hiyo hahangaiki na tahajia. Unaweza kuiweka ikupe maneno ya Kiswahili, na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti. Mizizi yake ni ya zamani. Seymour Papert, mtaalamu wa hesabu aliyezaliwa Afrika Kusini, alishiriki mwaka 1967 kutengeneza Logo, lugha ya kompyuta ya watoto. Alishikilia kwamba mtoto hujifunza vizuri zaidi anapotengeneza kitu anachokijali na anachoweza kuwaonyesha wengine.

Kwa kompyuta moja tunakalisha watoto watatu. Wa kwanza anashika kipanya lakini haruhusiwi kuamua. Wa pili anasema cha kufanya lakini haruhusiwi kushika. Wa tatu anaandika daftarini kilichotokea. Kila baada ya dakika 10 wanahama. Sita waliobaki wanaendelea kushona au kuchora mpango wao kwenye karatasi ya miraba, kisha makundi yanabadilishana. Pasipo utaratibu huu, kipanya hushikwa na mwenye kiwiko kikubwa kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, na wasichana hugeuka watazamaji.

Siku hiyo hiyo ya tatu, baba yake yule binti alipiga hodi. Ni fundi pikipiki, mtu wa maneno machache. Tukasalimiana vizuri, kisha akasema, "Fundi, mimi nilimruhusu mwanangu aje kujifunza kompyuta. Nyumbani naona analeta vitambaa. Kushona angejifunza kwa mama yake, na kazi za Jumamosi zinalala."

Sikubishana naye. Nikamwambia, "Karibu ukae, baba. Fanya kazi wanayofanya wao, ukimaliza utaamua." Nikampa kitaa, betri na waya. Akacheka kidogo, kama mtu mzima aliyepewa kigari cha watoto, lakini akakaa.

Hakikuwaka. Akaangalia waya, akakwangua ncha zake kwa ukucha, akajaribu tena. Hakikuwaka. "Hiki kibovu," akasema. Baraza zima likanyamaza. Unajua malezi yetu: mtoto hamkosoi baba yake mbele za watu. Binti alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, macho kwenye miguu ya kile kitaa. Nilimwona anakunja na kukunjua pindo la nguo yake. Mikono yangu nilikuwa nimeiweka nyuma, na siku hiyo ilikuwa mizito kuliko siku zote.

Mwishowe akasema, "Baba, samahani. Hebu kigeuze."

Akakigeuza. Kikawaka. Hakuna aliyepiga makofi. Watoto nao wana adabu zao, kila mmoja aliinamia kazi yake. Baba alikitazama kile kitaa kwa muda. "Kumbe umeme wake unapita upande mmoja tu," akasema, "kama vile kwenye chaji ya pikipiki." Binti akamuuliza kwenye pikipiki ni wapi. Akaanza kumweleza, akachukua kipande cha karatasi akachora. Wakaongea wawili hao kwa dakika nzima kama watu walioagizwa kazi moja.

Alipoinuka kuondoka alirudi kwenye hoja yake, na alikuwa na haki kuirudia. "Sawa, nimeona. Lakini Jumamosi vyombo ataosha nani?"

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, msomaji wangu. Tunasema wasichana hawapendi kompyuta. Mimi ninachokiona barazani kwetu ni kwamba wasichana wanafika saa moja nyuma ya wenzao, wamechoka, na wanaondoka mapema kuwahi kupika. Kabla hajashika waya, ameshashika ndoo, sufuria na nguo za watu sita. Ukitaka binti yako ajifunze, swali la kwanza lisiwe kompyuta ni ngapi. Liwe ni nani atashika kazi yake ya Jumamosi kwa saa mbili.

Jibu halikutoka kwangu. Bibi alifunga ukili wake, akamwambia mwanawe, "Kaka yake ana mikono miwili. Wabadilishane zamu." Baba akanyamaza. Kwa mama yake hakuwa na la kuongeza. "Haya," akasema, "kwa muhula huu." Akavaa kofia yake ya pikipiki akaenda.

Kwa muhula huu. Sikumwahidi kwamba binti atakuwa mhandisi, wala sikumwambia kwamba alama za shuleni zitapanda. Ningekuwa nauza maneno. Ninachoweza kukueleza ni kwamba sasa anafika saa tatu kamili, na kwamba kaka yake ananung'unikia masufuria kila tunapokutana njiani.

Mwezi uliopita, kazi yake ya Scratch ilikuwa kuchora ukili kwenye skrini: mistari inapishana, inarudia, rangi inabadilika kila baada ya hatua kumi. Alimwita bibi yake aje kuona. Bibi, ambaye hasomi wala haandiki, aliinama karibu na kioo akafuata mistari kwa kidole. "Hapa chane ya tatu imepita juu. Ilitakiwa ipite chini." Tukaangalia maagizo yake moja baada ya jingine, na kweli, namba moja ilikuwa imewekwa siyo. Binti akaibadilisha mwenyewe. Bibi akarudi kwenye ukindu wake.

Kama nawe ungependa kuanza, anza na mtoto mmoja au wawili mezani kwako. Chagua kazi itakayowaka au kusogea ndani ya nusu saa ya kwanza, maana subira ya anayeanza ni fupi. Tumia ufundi ambao tayari upo nyumbani: kusuka nywele, kudarizi, kupanga maandazi. Kila wenye mpangilio na kurudia, pana somo. Mwambie mtoto aeleze anachotaka kitokee kabla hajajaribu, kisha alinganishe na kilichotokea. Kikikataa, ulizeni pamoja ni hatua ipi, na asiambiwe kwamba kichwa chake ni kizito.

Na wakati anahangaika, wewe weka mikono nyuma. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Jaribu Jumamosi hii, kisha uniambie.