Buhene: tanki moja kwa watu nusu milioni

Mtu aliyekulia Masisi au Walikale akifika Goma mara ya kwanza hushangaa: mji uko kando ya Ziwa Kivu, na bado mama anazunguka na bidoni akitafuta maji. Kwao milimani chemchemi hunaswa juu, maji yanaingia katika tanki la mawe na saruji, kisha yanashuka yenyewe mpaka kwenye robine ya kijiji. Hakuna umeme, hakuna mazutu. Goma ni kinyume. Mji umekaa juu ya mawe ya volkeno, mvua inazama papo hapo, mto hakuna. Maji yako chini ziwani, watu wako juu. Regideso inayapandisha kwa pampu hadi kwenye matanki, ndipo yashuke mitaani.

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka. Lava ilifika Buhene, si mbali na uwanja wa ndege, ikaharibu tanki kubwa na mabomba yake. Watu karibu nusu milioni wakakosa maji. Kipimo cha dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Kwa watu hao ni lita milioni 7 na nusu. Kwa lori la lita 10,000, hizo ni safari 750 kila siku. Nani ana malori hayo? Regideso na CICR walitandika mabomba juu ya lava, maji yakaanza kurudi, lakini hiyo ilikuwa dawa ya haraka.

Tarehe 27 mwezi huohuo watu waliamriwa kuhama, na wengi wakakimbilia Sake, yaani ndani ya Masisi, ambako maji hayakuweza kutosha umati ule. Mwaka 2024 njia ikageuka. Vita vilifika Sake, wa Masisi wakamiminika Goma, wakapanga foleni mbele ya matanki ya kambi za Bulengo na Mugunga. Watu waliozoea maji yanayojishukia!

Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini, umeme ulikatika na pampu zikanyamaza. Safari hii hakukuwa na lava, na bado robine zilikauka. Watu wakachota ziwani moja kwa moja. Wazee wanakumbuka mwaka 1994, kipindupindu kilipoua maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wa Rwanda kando ya mji huu.

Kwa hiyo anayesifu matanki ya kisasa aulizwe kwanza yatawekwa wapi, na pampu itaendeshwa na nini umeme ukikatika. Tanki la mabati ya chuma yanayofungwa kwa bolti linasimamishwa haraka, na likiharibika bati moja linabadilishwa. Ni kitu kizuri. Lakini Nyiragongo imeshusha lava mwaka 1977, 2002 na 2021, na kwa lava chuma na saruji ni sawa. Afadhali matanki kadhaa ya wastani, yaliyotawanyika, yenye valvu kati yao, ili moja likikatwa jingine lilishe mtaa wake.

Mwaka huohuo wa 2025 kambi za Goma zilivunjwa, na wengi wakarudi milimani. Huko tanki la mawe lililokaa bila mtu wa kulitunza linapata ufa, mizizi inaingia, matope yanajaa chini. Wengine wanataka tanki la plastiki. Sawa, lakini tanki la plastiki la lita 5,000 ni hewa tupu inayojaza gari zima, na barabara ya Walikale kila mtu anaijua. Mabati yaliyofunguliwa yanabebwa hata begani. Na likishafika, kamati ya maji iseme mapema nani ataliosha, nani atatia klorini, na pesa ya valvu mpya itatoka mfuko gani.