Mwezi wa Kwanza wa Shule

Jumapili, 7 Januari 2024. Kimara Baruti

Kesho mwanangu anaanza darasa la kwanza. Leo asubuhi, magari yakiwa bado machache, nimempeleka Barabara ya Morogoro tuvuke, twende na kurudi, mpaka miguu yake ielewe. Ule wimbo wa "kulia, kushoto, kulia tena" haumtoshi mtoto wa huku. Kwanza unavuka njia ya magari yanayotoka kulia. Katikati kuna njia za mwendokasi, basi moja linakwenda Kivukoni na jingine linarudi Kimara, na bodaboda wengine hupenya humo humo bila kujali uelekeo. Ukishatoka hapo, hatari inahamia kushoto. Kwa hiyo nimemfundisha kusimama kila sehemu na kuanza kuangalia upya, na asivuke kwa kuwa tu aliyetangulia amevuka.

Lakini hatavuka peke yake. Mtoto wa umri wake anaweza kuliona gari vizuri kabisa na bado asijue linakuja kwa kasi gani. Tena ni mfupi. Akitokea mbele ya daladala iliyosimama, dereva anayeipita hamwoni. Wale wa shirika la Amend wanaokwenda kwenye shule za hapa Dar kuweka matuta, vivuko na njia za waenda kwa miguu wameliona hili, na mradi wao ulipata Tuzo ya Ross ya miji mwaka 2019. Barabara ndiyo inayopaswa kumzoea mtoto.

Jumatano, 10 Januari

Amekariri namba yangu ya simu. Bibi yake amemtungia kiitikio cha kupiga makofi, na hata mdogo wake wa miaka 4 anaimba nusu yake. Jina lake kamili analo, la baba analo, mtaa anautaja. Nimekataa kumwandikia jina kwenye mgongo wa begi. Mtu yeyote atakayemwita kwa jina ataonekana kwake kama ndugu. Nimeliandika ndani, pamoja na namba.

Jumamosi, 13 Januari

Leo tumebishana, mimi na mama mkwe, na nataka kuyaandika yote.

Alikuja mgeni, mtu mzima wa heshima zake, wa ukoo wa mume wangu. Mtoto akamwamkia vizuri, shikamoo yake ikaitikiwa. Mgeni akapiga paja: njoo ukae hapa. Mtoto akarudi nyuma. Bibi akamwambia, "Nenda, usimwaibishe babu yako." Nikasema, "Mama, naomba aachwe. Ameshasalimia."

Mgeni alipoondoka Mama akaniambia, kwa upole lakini kwa uzito, kwamba mtoto anayechagua mkubwa wa kumtii atakuwa jeuri. Nikamjibu kwamba adabu naitaka kama yeye. Atasalimia, atapokea mzigo, atampisha mkubwa kiti. Mwili wake ndio sitaki uwe sehemu ya salamu. Tukimzoesha kwamba kila mtu mzima akisema "njoo" lazima aende, na akisema "nyamaza" lazima anyamaze, siku atakapokutana na mtu mbaya atakuwa ameshafundishwa na sisi jinsi ya kumtii. Simshuku mgeni wetu. Mtoto hawezi kuwa na kanuni moja ya wageni wema na nyingine ya wabaya, maana hawezi kuwatofautisha. Mimi mwenyewe siwezi.

Nikamsomea matokeo ya utafiti wa kitaifa uliotolewa mwaka 2011. Katika vijana wa miaka 13 hadi 24 waliohojiwa, karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Katika wasichana hao, ni kama nusu tu waliowahi kumwambia mtu. Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Hao wengine walijua wakisema watapigwa wao."

Hapo ndipo penyewe. Kumfundisha mtoto kukataa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni sisi: akija kusema, tusimkaripie, tusimuulize alikwenda kufanya nini huko, tusitazamane juu ya kichwa chake. Jioni nimemwambia mwanangu kwamba sehemu zake za siri haziguswi na mtu, isipokuwa mimi au bibi tukimwogesha, au daktari mimi nikiwapo. Na mtu akimwambia "usimwambie mama", hilo ndilo la kwanza kuniambia.

Jumatano, 17 Januari

Mama mwenyewe ametaka tufanye mazoezi. Akatoka nje, akajifunga khanga nyingine, akabisha hodi: "Mwanangu, mama yako kanituma nikuchukue, kaumia, twende haraka." Mtoto akachukua viatu! Bibi yake alimshika mkono pale pale, akamkalisha, wakaanza upya. Tumekubaliana neno la nyumbani ambalo kila nitakayemtuma atalitaja. Asiyelijua, hata awe jirani, mtoto anarudi kwa mwalimu.

Tukafanya na la kupotea, kwa sababu Jumamosi tunakwenda Kariakoo. Akiniachia mkono, asinitafute, asimame. Nisipotokea, aingie duka la karibu au kwa mama lishe, kwa mtu ambaye yuko kazini pale na hatahama, ataje namba. Asimfuate anayesema "twende nikupeleke".

Jumapili, 21 Januari

Leo ni zamu ya hatari za nyumbani. Mafuta ya taa yametoka kwenye chupa ya soda, yako kwenye dumu, juu. Mtoto akiyanywa hatapishwi, anakimbizwa hospitali. Ndoo za maji zina vifuniko. Jirani alitaka kumpaka mwanawe dawa ya meno alipoungua chai. Tukammwagia maji safi yanayotiririka dakika 20, kisha akaenda kituo cha afya.

Ijumaa, 26 Januari

Bodaboda anayewabeba watoto wa mtaa kwenda shule leo alipakia mishikaki, watoto watatu nyuma na mmoja kwenye tangi, hakuna aliyevaa kofia ngumu. Wazazi wanalipa kidogo kwa sababu wanagawana, naelewa. Mtu anayetoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi Kariakoo hana wa kumpeleka mtoto.

Nimezungumza na akina mama wawili majirani. Mmoja ana kibanda cha vitafunio karibu na shule na anakwenda huko kila siku kwa miguu. Yuko tayari kuwaongoza watoto, sisi tuchange nauli ile ile tumpe yeye. Mama mkwe atawapokea mchana kwenye kivuko cha barabara. Namba 116, ya simu kwa mtoto, ambayo haina malipo, nimeiandika kwenye karatasi, moja kwa kila mmoja wetu watatu. Jumatatu tunaanza, saa kumi na mbili kasoro robo, mlangoni kwetu.